RPG kwenye simu Unguja na Pemba: mwongozo kamili wa bando, joto, umeme na gemu lenyewe

Hapa Visiwani wengi wetu huchagua gemu kwa kulisikia barazani, kisha ndipo tunapoanza kuhangaika na bando, nafasi na simu inayochemka mkononi. Kwa RPG, yaani gemu la kumlea mhusika ndani ya hadithi ndefu, mpangilio huo ni ghali. Mechi ya mpira kwenye simu inaisha ndani ya dakika 10, na ukichoka nayo unafuta. RPG inataka saa 30, 40 na zaidi. Mhusika wako anapanda levo taratibu, na kila ulichokusanya kimo ndani ya simu hiyohiyo au kwenye seva iliyo mbali na bara hili. Kwa hiyo anza kuhesabu vitu vitatu ulivyonavyo: bando la mwezi, simu, na saa zako za kupumzika. Jina la gemu lifuate baadaye.

Aina tatu, na kila moja inakula nini

Kundi la kwanza ni magemu yasiyohitaji mtandao baada ya kushushwa. Humo mna Shattered Pixel Dungeon, ambalo ni bure kwenye Android. Stardew Valley la kununua, lenye ukulima, ujirani wa kijijini na migodi ya kupigana. Chrono Trigger la mwaka 1995. Na Final Fantasy I hadi VI zilizochorwa upya na Square Enix kwa jina la Pixel Remaster. Star Wars: Knights of the Old Republic, lililotoka mwaka 2003, nalo lipo kwenye simu na linachukua zaidi ya GB 2. Ukishalishusha gemu la kundi hili, bando halina kazi tena.

Kundi la pili ni la mtandao, lakini halikukimbizi. Honkai: Star Rail (2023) ni la zamu: unachagua pigo, adui anakungoja. Old School RuneScape, iliyofika kwenye simu mwaka 2018, inahesabu kila tendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukichelewa kidogo hutajua. Isitoshe ni jepesi, na simu ya kawaida kabisa inalimudu.

Kundi la tatu ndilo linalosifiwa sana na ndilo zito: Genshin Impact (2020), Diablo Immortal (2022) na wenzao. Picha za 3D, mapigano ya papo kwa papo, mtandao muda wote. Genshin peke yake inataka zaidi ya GB 20 kwenye simu.

Jambo moja huwapotosha watu. Kucheza kwenyewe hakuli bando kama inavyodhaniwa. Wanaomaliza bando ni kushusha na kusasisha. Genshin hutoa toleo jipya kila wiki 6, na kila toleo huja na mzigo wake wa GB. Usikisie, pima:

1. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya mtandao, kisha matumizi ya data.
2. Tafuta jina la gemu kwenye orodha, andika namba iliyopo.
3. Cheza saa moja kamili kwa data ya laini, bila kushusha chochote.
4. Rudi, toa namba ya mwanzo kwenye namba mpya.

Jibu lizidishe kwa saa unazocheza kwa mwezi, kisha ongeza mzigo wa masasisho. Ikizidi nusu ya bando lako, gemu hilo si lako kwa sasa. Nusu iliyobaki utaihitaji kwa WhatsApp, kazi na skuli.

Simu: cha kuangalia dukani

Ukipita Darajani au Mlandege utakuta boksi limeandikwa "8+8" au "16GB RAM" kwa herufi kubwa. Hiyo 16 ni jumla ya 8+8, na namba ya pili ni nafasi ya hifadhi iliyoazimwa kufanya kazi ya RAM, na kwa gemu ni polepole mno. Hesabu namba ya kwanza tu. Kwa kundi la kwanza RAM ya GB 4 inatosha. Kwa kundi la tatu usishuke chini ya GB 6, na GB 8 ndiyo raha. Hifadhi iwe GB 128. Usitegemee memori kadi, kwani magemu mengi makubwa hayakubali kukaa huko, na yanayokubali hupakia kwa kusuasua.

Kabla ya kulipa, piga *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya skrini na ya boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuhakiki simu. Halafu muombe muuzaji uishike simu kwa dakika 20 ikiwa na gemu la 3D. Dakika 5 hazionyeshi kitu, kwani kila simu hukimbia ikiwa baridi. Ikifika dakika ya 15 na picha zikaanza kukwama, umeshaiona tabia yake ya kweli. Muuzaji akikataa, duka la jirani haliko mbali.

Kushusha GB 20 bila kulia

Fanya hesabu kwanza. Mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde unashusha GB 20 kwa karibu saa 4 na nusu. Wa megabiti 5 unataka karibu saa 9. Sasa chukua bando la usiku la saa 6: kwa megabiti 5 utapata GB 13 na kitu, halafu bando linakufa na gemu bado halijakamilika. Pima kasi yako usiku uleule unaokusudia kushushia, kwa sababu mnara unaokwenda vizuri saa 9 usiku unaweza kuwa mzito saa 3 usiku, kila mtu akiwa macho.

Tatizo la kawaida ni mtu kuacha simu usiku, akaamka asubuhi na kukuta GB 3 tu zimeshuka. Gemu kubwa huja kwa mafungu mawili: fungu dogo la Play Store, kisha fungu kubwa linaloshushwa ukiwa ndani ya gemu lenyewe. Hilo la pili husimama skrini ikizima, kwa kuwa simu hulilaza gemu ili kuokoa chaji. Fanya hivi:

1. Acha nafasi tupu zaidi ya ukubwa wa gemu. Kwa gemu la GB 20 acha GB 30, maana mafaili yakifunguliwa hukaa mara mbili kwa muda.
2. Kwenye mipangilio ya betri, liondolee gemu hilo kizuizi cha kuokoa chaji.
3. Ndani ya gemu chagua kushusha vitu vya lazima tu, na lugha moja ya sauti. Kila lugha ya ziada ni GB nyengine.
4. Weka skrini isizime, punguza mwanga hadi chini, vua kava, iweke simu juu ya vigae mbali na godoro na mto.
5. Ikikatika, usifute. Lifungue tena gemu. Mara nyingi linaendelea lilipoishia.

Kama unatumia waifai ya kazini au ya hoteli, omba ruhusa, na ufanye usiku wageni wakiwa wamelala. GB 20 za mtu mmoja mchana zinaweza kuwakwamisha wote. Na kwenye waifai ya wazi usiingize namba za kadi.

Mtego wa umeme na waifai

Hili liwekwe peke yake kwa sababu limewamaliza wengi. Unacheza kwa waifai ya nyumbani, umeme unakatika, ruta inazima, na simu inahamia kwenye data ya laini kimyakimya. Kama gemu lilikuwa katikati ya kusasisha, bando la wiki linaweza kuondoka kabla hujaitafuta tochi. Dawa ni mbili. Play Store iambie ishushe kwa waifai pekee. Kisha ingia kwenye maelezo ya programu ya gemu lenyewe, sehemu ya data, uzime data ya chinichini, na simu ikikuruhusu zima kabisa matumizi ya data ya laini kwa gemu hilo. Siku unayotaka kuchezea bando, utaiwasha kwa mkono.

Umeme ukirudi, usiwe mwepesi wa kuchomeka. Chaja ya bei ndogo haina kinga ya maana, na dakika za mwanzo umeme huweza kupanda na kushuka. Subiri taa zitulie.

Pawabenki ya mAh 10,000 haichaji simu ya mAh 5,000 mara mbili. Namba hiyo ni ya betri ya ndani kwa volti 3.7, ikipandishwa hadi volti 5 na kuingia kwenye simu, sehemu inapotea kuwa joto. Tegemea mara moja na nusu hivi. Kwa safari ya boti hadi Mkoani na siku nzima ya Chake Chake, inatosha kwa mtu wa kundi la kwanza. Wa kundi la tatu haitamfikisha jioni.

Joto, unyevu na chumvi

Simu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana gemu linakwenda vizuri dakika 10 za mwanzo, kisha linaanza kukatakata. Wakati wa kaskazi, hewa ya chumbani ikiwa nyuzi 31 au 32, simu haina pa kutolea joto lake. Punguza mzigo kwa mpangilio huu ndani ya gemu, na ukiona limetulia, simama hapo:

Kwanza vivuli, zima au weka chini kabisa. Vivuli hula nguvu nyingi, na kwenye skrini ya inchi 6 huvioni sana. Pili, picha kwa sekunde weka 30. Tatu, ubora wa uchoraji ushushe ngazi moja. Nne, mwanga wa skrini. Sura ya nyuso za vitu (textures) na umbali wa kuona viache. Ukivishusha sana utapata picha mbaya bila faida kubwa.

Vua kava. Kaa penye feni, upepo upige mgongo wa simu. Usicheze huku ikichaji, kwani joto la chaji na la gemu vikikutana betri ndiyo inayolipa, na baada ya mwaka utaona inavimba au inashuka kutoka 40 hadi 15 ghafla. Baadhi ya simu za Samsung, Infinix na Tecno zina chaguo la kupeleka umeme wa chaja moja kwa moja kwenye simu bila kupitia betri. Lipo kwenye menyu ya gemu. Kwa Samsung linataka chaja ya kasi inayokubaliana nalo na betri iliyozidi asilimia 20. Kama simu yako inalo, litumie kila unapochezea kwenye soketi.

Sasa la friji. Kuna wanaoitia simu kwenye friji dakika 5 ili ipoe. Hewa yetu ina maji mengi: kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi hutoa jasho juu yake. Simu iliyotoka kwenye friji inatoa jasho nje na ndani, kwenye bodi. Hali ni hiyohiyo kwa vipoza vya kubana mgongoni vinavyogandisha: kule kwenye hewa kavu vinafaa, kwetu vitie kwa kiwango cha chini na ufute mgongo wa simu kila mara. Feni ya kawaida ya mezani haina hatari hiyo.

Ukitoka pwani, chumvi hubaki kwenye tundu la chaji. Zima simu, safisha kwa kijiti cha meno cha mti kilicho kikavu, polepole. Sindano usiiguse. Na vidole vikitokwa na jasho kiasi cha skrini kutokusikia, poda kidogo sana kwenye ncha ya kidole gumba inatosha.

Seva na saa zetu

Gemu la mtandao litakuuliza seva gani. Kwa Genshin na Star Rail usibonyeze tu: ukishaanza, levo na wahusika wa seva moja hawahami kwenda nyengine. Kwetu chagua Ulaya. Mawasiliano yetu yanapita kwenye nyaya za chini ya bahari zinazofika Dar es Salaam, EASSy na SEACOM zikiwemo. Waya wa kilomita 10,000 peke yake unakula milisekunde 100 kwenda na kurudi, kwa sababu mwanga ndani ya waya hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde. Juu ya hapo ongeza mnara wako na foleni ya njiani. Kwa hiyo ukiona 150 hadi 200 usilaumu simu. Kwa gemu la zamu hakuna tabu. Kwa la papo kwa papo, jifunze kukwepa mapema kidogo kuliko macho yanavyokwambia, na uwaepuke maadui wanaotaka majibu ya haraka mno hadi levo yako iwazidi.

Siku mpya ya magemu hayo mawili huanza saa 10 alfajiri kwa saa ya seva. Kwa seva ya Ulaya hiyo ni saa 12 asubuhi yetu, ya Asia ni saa 5 usiku, ya Marekani ni saa 6 mchana. Ulaya inatufaa hata kwa Ramadhani: wakati wa daku siku ya gemu bado haijageuka, kwa hiyo kazi za kila siku ulizoziacha jana baada ya tarawehe unaweza kuzimaliza kabla ya alfajiri.

Nguvu ya Genshin inayoitwa resin inajaa moja kila dakika 8, kikomo ni 200. Hiyo ni saa 26 na dakika 40 kutoka sifuri. Maana yake ukiingia mara moja kwa siku, saa ileile, hupotezi hata moja. Star Rail inajaza moja kila dakika 6, yaani 10 kwa saa. Anayefungua gemu mara 8 kwa siku kwa kuogopa kupitwa anajichosha bure. Weka nusu saa, tumia nguvu yote, maliza kazi za siku, funga.

Pa kuanzia: Shattered Pixel Dungeon

Kwa asiyewahi kucheza RPG, au mwenye simu ya RAM ya GB 3 na bando dogo, hili ndilo langu la kwanza kulitaja. Kwenye Android ni bure na halina matangazo, halifiki MB 100, halitaki mtandao. Lilitoka mwaka 2014, likijengwa juu ya Pixel Dungeon ya awali ambayo mwenyewe aliachia wazi msimbo wake, yaani maandishi ya programu. Ni la zamu kabisa: ukiitwa dukani, liache, halisogei mpaka usogee wewe. Picha zake ni za miraba mikubwa na zinadanganya. Ni gumu.

Shimo lina ngazi 26. Mabosi wanakaa ngazi ya 5, 10, 15, 20 na 25. Ukifa unaanza upya, hakuna kurudi nyuma. Anza na Warrior, anayevumilia makosa.

Milango ndiyo silaha yako ya kwanza. Adui akikufuata, pita mlangoni, kaa pembeni yake kwa mshazari asikuone. Akiukanyaga mlango, mpige. Pigo la kushtukiza halikosi. Wachezaji wapya hupigana katikati ya chumba wakazungukwa na panya watatu, kisha wanasema gemu halina haki.

Njaa inahesabiwa kwa zamu. Baada ya zamu 300 utaona alama ya njaa, zikifika 450 unaanza kudhurika. Mkate mmoja wa kawaida unarudisha 300. Kwa hiyo kula alama ya njaa inapotokea tu: ukila kabla unapoteza, ukichelewa sana unaumia. Usizunguke ngazi uliyokwisha kuisafisha.

Dawa za rangi usizozijua zinywe ukiwa na afya nzuri, hakuna adui karibu, umesimama ndani ya maji na mlango uko jirani. Nyengine ni moto, na maji yatauzima. Nyengine ni gesi ya sumu, hapo toka mbio na mlango ujifunge nyuma yako. Hati usizozijua zisome vivyo hivyo, pasipo na mtu. Ukishajua dawa ipi ni moto, zilizobaki za rangi hiyo ni za kurushia maadui.

Hati za kuboresha ndizo roho ya mchezo. Kila ngazi 5 unapata 3, jumla 15 hadi ngazi ya 25. Kosa kubwa la wageni ni kuzigawa: moja kwenye upanga, mbili kwenye vazi, moja kwenye pete. Ukifika ngazi ya 12 huna kitu chenye nguvu. Chagua kimoja, vazi zuri au silaha nzuri, zimwage zote hapo. Ila usivae vazi zito kuliko nguvu zako. Unaanza na nguvu 10, na vazi linalotaka 14 litakufanya mzito na rahisi kupigwa. Dawa za nguvu zipo 2 kila ngazi 5, zinywe mara moja.

Bosi wa ngazi ya 5 ni Goo, tope jeusi. Akisimama majini anapona, kwa hiyo mvute nchi kavu kabla ya kuanza. Kuna wakati anajivimbisha na gemu linakuandikia onyo. Hapo usipige tena. Ondoka hatua 3 au jifiche nyuma ya ukuta, aachie pigo lake hewani, kisha rudi. Wanaokufa kwa Goo karibu wote hufa kwa tamaa ya pigo moja zaidi.

Ukishamzoea Goo na unataka hadithi, nunua Final Fantasy ya kwanza, Pixel Remaster. Linatokana na gemu la mwaka 1987 na ni fupi kwa kipimo cha RPG. Utaombwa uchague watu wanne. Warrior, Monk, White Mage na Black Mage ni kikosi kisichosumbua. Mjini Cornelia nunua silaha, tiba ya Cure, na Fire kwa mchawi mweusi, chupa kadhaa za Potion, ndipo utoke nje kupandisha levo 2 au 3 kabla ya kumfuata Garland, bosi wa kwanza. Kwa Monk, kila baada ya levo chache mvue silaha uangalie namba ya shambulio: inafika mahali mikono mitupu inazidi, na hapo silaha ni hasara ya pesa. Subiri punguzo, Square Enix hushusha bei zake mara kwa mara. Ukinunua Play Store na simu ikashindwa kulibeba, una saa 2 za kurudisha pesa kwa urahisi. Baada ya hapo hadi saa 48 inabidi uombe. Zijaribu saa hizo 2 kwa kucheza kweli.

Droo

Magemu ya bure ya kundi la pili na la tatu mengi hujilipa kwa droo, ile wachezaji wanayoiita gacha. Kwa Genshin, mhusika wa nyota tano anatoka kwa asilimia 0.6 kwa kila mvuto (kuvuta droo mara moja), na ukifika mvuto wa 90 bila kumpata unapewa. Kwa mivuto 10 ya mwanzo, nafasi ya kukosa ni asilimia 94. Hata ukimpata wa nyota tano, ni karibu nusu kwa nusu kwamba ndiye yule wa kwenye tangazo. Ukikosa, wa nyota tano anayefuata ni yule wa tangazo kwa hakika. Kila mvuto unalipiwa vito 160, pesa ya ndani ya gemu. Kwa hiyo anayetaka uhakika kamili ajiwekee vito 28,800, yaani mivuto 180. Kwa pesa, mivuto 90 tu inakaribia dola 200 ukiweka kando bonasi ya ununuzi wa kwanza.

Kanuni yangu ni kutokuvuta kabisa mpaka uwe na vito vya kufikia hakika, ukivikusanya kwa kucheza. Vito havichachi. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa masanduku ya bahati yanayolipiwa yanaingia kwenye sheria ya kamari, na kwetu wapo wasiogusa droo ya pesa kwa sababu hiyohiyo ya kamari, kwa upande wa dini. Wanacheza gemu lilelile bila kulipa na wanafika mwisho wa hadithi, kwa kuwa wahusika wanne wa kupewa bure, wakilelewa vizuri, wanatosha. Anayelea 12 kwa pamoja hana hata mmoja aliyekomaa.

Simu ikishikwa na watoto, washa uthibitisho wa nywila kwa kila ununuzi kwenye Play Store. Kadi ya mtandaoni ya pesa za simu itie kiasi unachonunulia tu, ibaki tupu.

Akaunti, na siku ya kubadili simu

Usicheze kama mgeni. Unganisha barua pepe siku ya kwanza. Akaunti ya mgeni hufa na simu. Barua pepe hiyo nayo iwe na njia ya kurejeshea isiyotegemea laini moja, maana laini isiyotumika muda mrefu mtandao huipa mtu mwengine, na ujumbe wa namba za siri utamfuata yeye. Tovuti za "vito bure" zinazotaka jina na nywila ni wizi, zote. Namba ya mchezaji unaweza kumpa mtu akuongeze kuwa rafiki. Nywila hata ndugu yako asiipate. Gemu lililobadilishwa, la kila kitu bure, linalotumwa kwenye makundi usilitie kwenye simu yenye pesa zako.

Magemu ya kundi la kwanza mengi huhifadhi ndani ya simu tu. Ukilifuta gemu, saa zako 40 zimekwenda nalo. Tafuta kwenye menyu kama kuna hifadhi ya mtandaoni, iwashe, kisha hakikisha kwa kulifungua kwenye simu nyengine. Kabla ya safari ya boti fanya jaribio dogo: washa hali ya ndege, lifunge gemu kabisa, lifungue tena. Likifunguka ulipoishia, nenda. Likidai mtandao, lifungue mara moja ungali bandarini. Mengine ya kununua huhakiki leseni yake kisha hunyamaza kwa siku kadhaa.

Ukiuza simu ya zamani: kwanza ingia kwenye akaunti zote kwenye simu mpya na uone wahusika wako wapo. Pili toka kwenye akaunti hizo kwenye simu ya zamani. Tatu ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio, ndipo ufute kila kitu. Ukifuta kwa vitufe vya pembeni bila kuiondoa, simu itamdai mnunuzi barua pepe yako na nywila yake, na haitafunguka hadi uvitie mwenyewe.